Kusoma uhasibu TIA: cheti, stashahada, shahada

Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) inamfaa sana anayetokea kidato cha nne: cheti cha awali mwaka 1, stashahada miaka 2, shahada miaka 3, na kila ngazi ina cheti chake cha kuombea kazi. Kampasi zipo hadi Mtwara, Singida na Kigoma, hivyo si lazima upange chumba Dar.

Penye kuangusha wengi ni usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Hundi uliyomlipa mtu lakini haijawasilishwa benki hupunguzwa kwenye salio la taarifa ya benki. Mwanafunzi huipunguza tena kwenye daftari la fedha, ambako ilishaandikwa, na hesabu zinagoma kulingana.

Shahada peke yake haikupi CPA, sifa ya kitaaluma ya uhasibu. Mitihani ya NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu), Mei na Novemba, bado inakusubiri.