Siku tatu Greensboro: nilivyokwenda Homecoming ya North Carolina A&T

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza wa uhandisi North Carolina A&T, na tangu afungue chuo wimbo wake ni mmoja: "Mjomba, njoo Homecoming." Ndiyo ile wiki ya Oktoba wahitimu wanaporudi chuoni kwa maelfu. Basi Alhamisi nikatia dagaa wa Kigoma kwenye buti, nikashika njia kutoka Baltimore, mwendo wa saa sita.

Nianze na kilichoniudhi nikimalize. Chumba. Nilikodi kwa mwenye nyumba mmoja, dola 290 kwa usiku, kwenye picha kuna kitanda cha maana. Nafika, nakuta godoro la kujaza upepo. Kufika alfajiri niko sakafuni. Wiki hiyo wanajua huna pa kwenda, kwa hiyo shika nafasi miezi kadhaa kabla. Nyota moja nimeikata hapo, na chuo hakihusiki.

Gwaride lenyewe sasa! Mimi ni mtoto wa Morogoro, matarumbeta ninayoyajua ni ya harusini, jamaa sita juu ya pikapu. Bendi ya hapa, Blue and Gold Marching Machine, inapita safu baada ya safu, na ngoma zile kubwa unazisikia kifuani kabla hazijafika masikioni. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja kwenye kiti cha kukunja, fulana imeandikwa 1968. Kila anayepita kavaa bluu, bibi anamwitia "Aggie!", ndivyo wanavyojiita watu wa chuo hiki, na anajibiwa "Pride!" Ilipofika zamu yangu nikababaika, nikajibu "Shikamoo!" Mpwa alitamani ardhi impasukie. Bibi alicheka, akanimegea kambare wake wa kukaanga, na kuanzia hapo nikawa wa kwao.

Ila kama una siku moja tu, mimi ningekushauri uje Ijumaa, kabla ya kelele. Mpwa alinitembeza. Jengo lao la uhandisi lina jina la Ronald McNair, aliyesoma fizikia hapa akamaliza 1971, akawa mwanaanga, akafa kwenye ajali ya chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986. Chuo kilianza 1891, na kuanza kwake kuna kichekesho kichungu. Sheria ya mwaka 1890 iliyaambia majimbo: mkitaka fedha za serikali kuu za vyuo vya kilimo na ufundi, ama mpokee watu weusi kwenye chuo mlicho nacho, ama muwaanzishie chao. North Carolina ikaona heri chuo cha pili kuliko kukaa dawati moja. Leo chuo hicho kina wanafunzi zaidi ya 13,000, na hakuna chuo cha kihistoria cha weusi Marekani kinachokizidi kwa wingi wa wanafunzi. Shamba bado wanalo, watu wa SUA, chuo chetu cha kilimo cha Morogoro, mtajisikia nyumbani.

Mbele ya jengo la Dudley kuna sanamu za vijana wanne wanatembea: Ezell Blair, Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond. Wote mwaka wa kwanza, kama huyu wangu asiyejua kufua. Tukafuata njia yao kwa miguu hadi mtaa wa Elm, haifiki hata nusu saa. Tarehe 1 Februari 1960 waliingia duka la Woolworth, wakanunua dawa ya meno na vitu vidogo vidogo, wakatunza risiti. Kisha wakakaa kwenye kaunta ya chakula, ambayo viti vyake vilikuwa vya wazungu tu, wakaagiza kahawa. Wakanyimwa. Pesa ya dawa ya meno ilipokelewa bila shida, ya kahawa ikakataliwa, duka ni lile lile. Hawakuinuka mpaka linafungwa.

Duka sasa ni makumbusho, na kaunta ipo pale pale na stuli zake. Kesho yake walikuja wenzao zaidi ya ishirini, wakiwemo mabinti wa chuo jirani cha Bennett, ambao wasimuliaji wengi huwaruka. Siku ya nne walizidi 300. Ilichukua hadi 25 Julai kaunta ikafunguliwa kwa wote, na wa kwanza kuhudumiwa walikuwa wafanyakazi weusi wa duka hilo hilo. Mimi hapo ndipo koo lilinikaba. Unawapikia watu miaka yote, kukaa ule huruhusiwi!

Mpwa alikuwa kimya muda mrefu, jambo lisilo la kawaida kwake. Tulipotoka akauliza, "Mjomba, ile Februari mosi ilikuwa siku gani?"

"Jumatatu."

"Kwa hiyo Jumanne kulikuwa na vipindi."

Nikamwambia Jumanne walirudi dukani. Akaitazama simu yake, akasema yeye ana jaribio la hesabu Jumanne, tugeuze.