Uzoefu wangu na The Woman in Black: nyumba inayofungwa na maji

Nilianza na filamu, ile ya 2012 aliyoigiza Daniel Radcliffe, nikadhani kisa nimeshakimaliza. Riwaya yenyewe, aliyoiandika Susan Hill mwaka 1983, ikakaa kwenye rafu yangu karibu miaka miwili. Nilikuja kuichukua kwa sababu tu ni nyembamba na nilikuwa na safari ya usiku.

Arthur Kipps, wakili kijana wa London, anatumwa na bosi wake kuhudhuria maziko ya mteja wao, bibi kizee Alice Drablow, kisha apange makaratasi aliyoyaacha marehemu. Nyumba ya bibi huyo, Eel Marsh House, iko peke yake katikati ya vinamasi. Njia ya kuifikia ni moja, nayo hupitika maji yakipwa tu. Yakijaa, njia inazama, na aliye ndani ndiyo yuko ndani.

Hapo Hill alinipata. Waandishi wengi wa riwaya za namna hii humtia mtu kwenye jumba la upweke, halafu wanahangaika kumtafutia sababu ya kutotoka: mara daraja limekatika, mara ufunguo haupo. Hapa bahari ndiyo bawabu. Kipps akianza kuingiwa na baridi mwilini, nami najikuta nahesabu saa pamoja naye, maji yatapwa lini? Kuna kurasa kadhaa nilizozisoma na swali hilo tu kichwani, na mzimu wala haujafanya kitu.

Mzimu wenyewe, huyo mwanamke wa mavazi meusi anayetajwa kwenye jina la kitabu, haonekani mara nyingi. Mara ya kwanza ni kwenye maziko, mchana kweupe, amevaa nyeusi, uso umekonda kama wa mgonjwa, na Kipps anamhurumia tu. Kinachotisha ni sauti. Kipps yuko kwenye ukungu, haoni hata hatua chache mbele, mara anasikia kigari cha farasi kinakuja. Anafurahi: nimefuatwa! Kisha sauti inahama upande usio na njia, farasi analia, mtoto anapiga yowe, kimya. Baadaye, ndani ya nyumba, kuna mdundo unaotoka nyuma ya mlango usiofunguka, nao ni mdundo anaoujua. Aliusikia utotoni, kiti cha bembea cha yaya wake. Sauti ya kumbembelezea mtoto! Niliweka kitabu chini, nikamtazama abiria wa pembeni kuhakikisha yupo.

Malalamiko ninayo. Sura ya kwanza, ya mkesha wa Krismasi, inajivuta. Niliiruka nusu, nikalazimika kuirudia nilipomaliza, maana uzito wa mwisho umefichwa mle. Kiingereza chake kimefanywa cha kizamani kwa makusudi, sentensi ndefu, si cha kusoma ukiwa na usingizi. Halafu wale watu wa mji mdogo ulio karibu na nyumba hiyo: kila mmoja anajua jambo, kila mmoja akiulizwa anameza mate na kubadili mazungumzo. Mara ya kwanza ni taharuki. Mara ya nne nilitaka kumshika mmoja shati. Afadhali Samuel Daily, yeye angalau anampa Kipps mbwa wa kukaa naye, Spider. Nikiri tu kwamba kwenye tukio la matope nilimwogopea mbwa kuliko wakili.

Kwa waliotazama filamu kama mimi: msidhani mmeshakijua kitabu. Kule Kipps ni mjane tayari, ana huzuni tangu mwanzo, na mwisho umebadilishwa. Kitabuni ana mchumba, Stella, anamwandikia barua, ana haraka ya kurudi kwake, na kujiamini kwa kijana asiyewahi kupigwa na dunia. Ndiyo maana kitabu kinauma zaidi. Igizo la jukwaani la Stephen Mallatratt, lililodumu London kuanzia 1989 hadi 2023, sikubahatika kuliona, ila sishangai lilidumu: kisa kinachosimama juu ya sauti na giza hakihitaji vitu vingi.

Kurasa za mwisho ni chache na zinapita mbio. Nilizisoma alfajiri, nikazirudia hapo hapo nikitumaini nimekosea.

Dada yangu ameniomba kitabu hicho. Ana mtoto wa miezi minane. Nimemwambia bado sijakimaliza.