Kipimo cha chupa mbili cha maji ya bwawa: kinatosha?

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Mezani leo nina kile kiboksi cha kupimia maji ya bwawa la kuogelea ambacho wengi wenu mnacho: chupa mbili za matone, moja kifuniko cha njano, nyingine chekundu. Mmeniuliza sana kama kinatosha. Kwa pH, yaani kiwango cha asidi au alkali kwenye maji, kinatosha. Kwa klorini, hapana.

Tupime pamoja. Nazamisha mkono mpaka kiwiko nachota huko chini, mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye pampu. Matone matano ya chupa nyekundu, nafunika, nageuza taratibu. Oneni, inasoma 7.4 hivi. Tunataka kati ya 7.2 na 7.8, na msiidharau namba hii. pH ikiwa 7.5, karibu nusu tu ya klorini uliyotia ndiyo yenye makali ya kuua vijidudu. Ikifika 8, hata robo ni shida. Ndiyo maana mtu anamwaga dawa kila siku na bwawa bado ni la kijani.

Sasa chupa ya njano. Inasoma 3, na wengi wangefunga boksi hapa wakaenda zao. Lakini matone haya yanapima klorini yote kwa pamoja: iliyo huru, na ile iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Hiyo iliyoshikana ndiyo klorameni. Ndiyo inayonuka na kuwasha macho, na vijidudu haiviwezi sawasawa. Watoto wanatoka majini macho mekundu, mhudumu anasema dawa imezidi, kumbe klorini huru imekwisha!

Hiki kipimo kingine ni cha vidonge vya DPD, kemikali inayogeuka waridi ikikutana na klorini. Nachota sampuli mpya ya bwawa hili hili, natia kidonge namba 1. Waridi hafifu sana: 0.5. Tunataka 1 hadi 3, miligramu kwa lita. Naongeza namba 3, rangi inakolea mpaka 3. Toa 0.5, zinabaki 2.5, na zote hizo ni klorameni. Bwawa hili lisiogelewe leo. Waridi ukitokea kisha ukafutika ghafla, hapo klorini imezidi mno; changanya sampuli na maji yasiyo na klorini, upime tena.

Vipimo vikiwa sawa lakini maji bado yana ukungu, nenda kwenye filta ya mchanga uangalie geji ya shinikizo. Ikipanda kama 0.5 bar juu ya ilivyokuwa mchanga ukiwa safi, ni wakati wa kuuosha kwa kurudisha maji kinyume. Zima pampu kwanza ndipo ugeuze mkono wa vali, tafadhali sana. Ukigeuza inazunguka unaharibu gasketi. Osha mpaka kile kioo kidogo kionyeshe maji safi.

Kwa hiyo mimi nasema nunueni cha DPD. Dukani someni pakiti: kwa kipimo cha kulinganisha rangi kwa macho, chukueni vidonge vilivyoandikwa Rapid, na tazameni tarehe ya kuisha. Maji ya kipimo, hasa yale ya matone ya njano, msiyarudishe bwawani.