Tanga hadi Pemba kwa ndege ndogo: uzoefu wangu

Kwa mtu wa Tanga mwenye shughuli Pemba, usafiri huu ni msaada mkubwa, na naupa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya muda, na nitaeleza.

Kutoka uwanja wa Tanga hadi uwanja wa Pemba, nje kidogo ya Chake Chake, ni kama kilomita 84 kwa mstari ulionyooka, yaani maili 45 za baharini. Ukipiga hesabu kwa mwendo wa jeti kubwa utapata dakika sita tu, lakini hiyo si ndege utakayopanda. Mimi nilipanda Cessna Caravan, ndege ya pangaboi yenye injini moja, inayokwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Hapo tayari ni dakika 17. Ongeza kupaa, kushuka na kuzunguka ili itue ikiukabili upepo, basi weka dakika 20 hadi 25. Yetu ilikaa humo humo.

Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 15, na mizani haina mswalie Mtume. Begi liwe laini. Mama mmoja mbele yangu alikuja na sanduku gumu la magurudumu. Kijana wa mizigo akalijaribu kwenye kihifadhi kilicho chini ya tumbo la ndege, akaligeuza ubavu, likagoma. Ikabidi nguo zihamie kwenye shangazi kaja pale pale juani, na sote tukasubiri.

Angani ni raha tupu. Kaa dirishani. Ukishaiacha pwani ya Tanga, maji ya Mkondo wa Pemba yanakuwa ya buluu nzito, kwa kuwa chini yako kuna kina cha mamia ya mita. Kisha kinatokea kisiwa cha Misali na miamba yake ya matumbawe, maji yamekuwa ya kijani hafifu, na mara ndege inaanza kushuka. Msimu wa kusi, wakati mkondo huo umechafuka na vyombo vinayumba, nauli ya ndege sioni kama ni kubwa.

Sasa ile nyota. Tiketi yangu ya kurudi iliandikwa Pemba–Tanga, basi. Nilipofika uwanjani ndipo nikaambiwa tunapitia Unguja. Pemba hadi Unguja ni kilomita 125 hivi, na Unguja hadi Tanga ni karibu hizo hizo. Safari ya kilomita 84 ikawa ya 250, mara tatu, bado hujahesabu kukaa chini kusubiri abiria wengine. Kupitia Unguja si kosa, kwani ndege ndogo lazima ijaze viti. Kosa ni kutomwambia abiria mapema. Nilikuwa na miadi Tanga, na mtu aliyenisubiri akaondoka.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: inakwenda moja kwa moja au inapitia wapi? Uliza tena siku moja kabla, maana ratiba hubadilika kulingana na abiria. Na kama unaelekea Wete, kumbuka ukishatua bado una kama kilomita 30 za barabara, na gari litakuchukua muda mrefu kuliko ndege iliyokuvusha bahari.