Marumaru safi, lakini fundi wa duka ameniharibia sebule

Duka silitaji jina, ila nasema hivi: wakikwambia bei ni pamoja na fundi wao, chukua marumaru zako, fundi muache hukohuko.

Zangu ni zile porselini za 60 kwa 60, rangi ya maziwa. Mwanzoni nilifurahi mno, nikawa naita majirani waje kuona. Halafu likaja lile joto la baada ya mwaka mpya, mchana mmoja tumekaa tunakula, tukasikia kitu kimelia pah! Nikajua dirisha. Kumbe ni katikati ya sebule, marumaru mbili zimesukumana na kuinuka kama paa la hema. Baada ya hapo kila ukikanyaga karibu na kochi, chini panaitikia ko, ko, ko.

Nilipoinua moja kwa mkono wangu (haikuhitaji hata patasi) nilipandwa na hasira mpaka mikono ikatetemeka. Mgongo wake ulikuwa msafi kabisa, na alama tano tu za saruji: tonge moja katikati, na moja kila kona. Pengine pote ni hewa. Na hakuna nafasi kati ya marumaru na marumaru, zimebanana, ukutani nako zimegota. Joto likija zinatanuka, sasa ziende wapi kama si juu?

Nikaenda dukani na picha kwenye simu. Yule kaka wa kaunta hata hakuishika simu. Akaniuliza mbele ya wateja, "Mama, kwani ndani unatembea na viatu vya mchuchumio?" Watu wakacheka. Kwangu viatu vinaishia mlangoni, na nimekwenda pale mtu mzima, na risiti yangu, naongea kwa heshima. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nauliza kazi ya fundi wenu, siulizi viatu." Akajibu kwamba mzigo ukishatoka dukani si wao tena. Na fundi? "Fundi naye ana simu yake, mpigie." Nimempigia. Hapokei mpaka leo.

Nisiwe mkorofi, marumaru zenyewe nazipa haki yake. Mchuzi wa bizari umemwagika ukalala usiku kucha, asubuhi nimepitisha kitambaa chenye maji na sabuni, hakuna doa. Mtungi wa gesi unaburutwa kila siku, sijaona mchubuko. Kama ni mzigo tu, ningewapa nyota zote na ningerudi kwao kwa ajili ya jikoni.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafikiri mpaka nilipompata fundi mwingine, kijana wa Tandika. Huyo anapaka gundi kwa mwiko wa meno, chini na mgongoni, anagonga kwa nyundo ya mpira, halafu anaibandua moja makusudi aone kama gundi imeenea. Anaacha uwazi wa milimita tatu, na pembeni mwa ukuta anaacha zaidi, skatingi inafunika. Sasa yeye ndiye aliyeniita, "Mama, njoo uone maboksi yako yaliyobaki." Ubavuni mwa boksi kuna namba ya toleo la rangi. Maboksi mawili yana namba nyingine kabisa! Waliochanganya ni wao, stoo kwao, wakanipakilia kwenye kirikuu nikiwa nimesimama pale. Ndiyo maana viraka alivyoniwekea karibu na meza ya TV vinaonekana vyeupe zaidi jioni taa ikiwashwa, na nilikuwa namlaumu bure huyu kijana.

Nikarudi. Jibu: boksi likifunguliwa halirudishwi. Namba je? "Mama, hiyo rangi ni ileile, macho yako tu."

Mama yangu kule Tanga ana sakafu ya saruji iliyopigwa niru nyekundu tangu mimi sijaolewa, haijawahi kulia wala kuinuka, na hakuna muuzaji aliyemdhalilisha mbele za watu kwa ajili yake.

Basi ile habari ya kurudi kwao kwa ajili ya jikoni naifuta. Marumaru hizohizo zinauzwa na maduka mengine, nimeshaulizia, na nikienda nitasoma namba ya kila boksi kabla halijapanda kwenye gari. Kijana wa Tandika anaanza Jumatatu.