Laptop mbovu, Raspberry Pi au boksi la Android? Cha kununua ukitaka tivii yenye menyu ya maana

Watu wengi Mbeya wakitaka tivii ya kufungulia muvi, kwaya na video za harusi kwa rimoti wanakimbilia boksi la Android. Mi nasema hela iende kwenye mashine na hard disk, programu zenyewe ni huria na ni bure, mtu akikuuzia programu hapo anakula hela yako tu.

Namba moja, tena kwa mbali sana, ni laptop ya mtumba iliyopasuka kioo, unaweka mfumo wa LibreELEC. Zunguka kwa mafundi Mwanjelwa, au mjini kama uko Iringa, kioo kikishapasuka bei inashuka na we kioo huna kazi nacho, unachomeka HDMI kwenye tivii basi. Utamu wake ni betri, maana masika umeme ukikatika boksi linazima hapohapo na faili zinaweza kuharibika, ila laptop inaendelea tu mpaka uizime vizuri. Hakikisha ni Intel kizazi cha 6 kwenda juu, yaani i5 ambayo namba yake inaanzia 6, kuanzia hapo chipu inafungua yenyewe video za kawaida za HEVC (zile zilizobanwa sana ziwe ndogo), za nyuma ya hapo prosesa inahangaika feni inapiga kelele na picha inakwama. Alafu mwambie fundi achomoe waya wa kioo kabisa, la sivyo picha inaweza kwenda kwenye kioo kilichokufa tivii ikabaki nyeusi. LibreELEC ni mfumo mdogo wa kompyuta wa Linux ambao kazi yake ni kuwasha Kodi tu, programu ya menyu ya kufungulia muvi na miziki, ile iliyozaliwa kwenye mashine ya gemu ya Xbox ikiitwa XBMC mpaka 2014. Ukiiweka inafuta diski yote, kwahiyo hamisha picha zako kwanza jamani.

Namba mbili Jellyfin, kwa nyumba yenye tivii mbili au watoto wenye simu zao. Hii ni seva, ilianza mwisho wa 2018 baada ya Emby, seva nyingine ya aina hiyo, kufunga msimbo wake usiwe huria tena, video zinakaa mashine moja na wengine wanaangalia kwa Wi-Fi ya ndani bila kula bando hata kidogo.

Namba tatu Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo cha bodi moja. Inakula umeme kidogo, inakubali LibreELEC, na kwa HDMI-CEC rimoti ya tivii yako inaiendesha, kitu ambacho laptop nyingi haziwezi. Ila haina betri, na hard disk kubwa itataka umeme wake.

Plasma Bigscreen ya KDE, menyu nyingine huria ya tivii, inapendeza ila subiri kwanza.

Boksi linalouzwa na "Kodi iliyojazwa kila kitu" usinunue, Kodi inakuja tupu na wenyewe wanaoitengeneza wameshayakana hayo maboksi. Kama boksi unalo tayari, shusha Kodi Play Store.

Rimoti ya laptop isikutishe, weka Kore, programu ya rimoti ya Kodi, kwenye simu, haihitaji intaneti. Na kabla hujalipa chomeka HDMI kwenye tivii ya palepale kwa fundi, chomoa chaja, uone betri inakaa muda gani.