Miwani ya karatasi ya kutazamia kupatwa kwa jua: kichujio kizuri, fremu haiwatoshi watoto

Kwa kutazama kupatwa kwa jua kwa sehemu pamoja na watoto, miwani ya karatasi yenye kichujio cheusi naipendekeza, ila kwa sharti moja: fremu irekebishwe. Kichujio hakina tatizo. Tatizo ni fremu, iliyokatwa kwa kipimo cha kichwa cha mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano akiivaa inamteleza hadi ncha ya pua, panabaki uwazi juu ya nyusi, na akiinua uso kulitafuta jua, macho yanalitazama bila kichujio papo hapo. Kichujio nakipa 5 kati ya 5. Fremu, kwa watoto, 2.

Kwenye mkono wa fremu pawe na jina la mtengenezaji na namba ya kiwango cha kimataifa cha vichujio vya kutazamia jua, ISO 12312-2. Lakini namba yeyote anaweza kuichapa, kwa hiyo mimi huijaribu miwani kwanza. Ivae ukiwa ndani ya nyumba: usione meza, usione dirisha, usione mtu. Washa tochi ya simu mbele yake. Kuona kinukta hafifu si kosa. Halafu ivue, ishike mbele ya taa kali uchunguze kila dirisha lake. Ukiona kitobo kinachong'aa, mkwaruzo unaopitisha mwanga au kona iliyobanduka kwenye gundi, ikate vipande viwili uitupe, kwa sababu ukiiweka pembeni tu, mtoto ataiokota. Nje, jua lionekane duara safi lenye ukingo mkali, nawe usilazimike kukunja uso. Rangi ya chungwa au nyeupe inayoelekea buluu hutegemea aina ya utando wa kichujio tu, zote ni sawa.

Ukali wa kiwango hicho ndio unaofanya vibadala vyote vishindwe. Kikomo cha kupitisha ni asilimia 0.0032 ya mwanga, yaani sehemu moja kati ya 30,000 hivi. Miwani ya jua iliyo nyeusi kuliko zote hupitisha asilimia 3 hadi 8. Ukipandanisha mbili, hata za asilimia 3, bado unapita kikomo karibu mara 30. Maji ya beseni yakitazamwa kutoka juu huakisi asilimia 2 hivi, zaidi ya mara 600 ya kikomo. Picha ya eksirei ina sehemu nyeusi na sehemu zinazopitisha mwanga, na mtoto hawezi kuzitofautisha. Retina haina hisia ya maumivu, kwa hiyo hatalalamika wakati inaungua. Doa katikati ya kuona hujitokeza baada ya saa kadhaa au kesho yake. Na lenzi ya jicho la mtoto ni angavu kuliko yetu, mwanga mwingi zaidi hufika ndani.

Sasa fremu. Dawa yake ni sahani ya karatasi ngumu, kubwa kuliko uso. Laza miwani katikati, chora kuzunguka madirisha yake mawili, kisha kata tundu dogo kidogo kuliko fremu ili kadi ya fremu ikalie ukingo wa sahani. Kata pia nafasi ya pua, la sivyo sahani inasukumwa mbele na mwanga unaingia kutoka chini. Bandika miwani kwa selotepu pande zote nne, bila kugusa utando wenyewe. Toboa matundu mawili usawa wa masikio, sentimita 2 kutoka ukingoni, yaimarishe kwa selotepu kabla ya kupitisha lastiki, maana karatasi tupu hupasuka mtoto akivuta mara ya kwanza. Lastiki ikikaza mno, sahani hupinda na uwazi unafunguka kwenye paji la uso. Ibane kiasi cha kutoanguka tu. Mtoto mwenye miwani ya macho anabaki nayo, hii inakaa juu yake.

Kuvaa kuna utaratibu, na hapa ndipo mambo huharibika. Mtoto ageuzie jua mgongo, avae akitazama chini, mkubwa apitishe kidole pembeni kuhakikisha hakuna uwazi, ndipo ageuke na kuinua uso. Kuvua ni kinyume: kwanza ageuke, ndipo avue. Wengi huinua miwani wakiwa bado wanalielekea jua, kwa hamu ya kusimulia walichoona. Kupatwa kwa sehemu hakuna dakika ya kuvua, hata jua likifunikwa asilimia 99. Walio chini ya miaka minne siwapi miwani kabisa. Na mtoto asitazame kwenye darubini akiwa ameivaa miwani hii: mwanga uliokusanywa na lenzi hutoboa utando mara moja. Kichujio cha darubini hufungwa mbele, upande wa jua.

Tukio lote huchukua saa mbili hadi tatu. Kutupa jicho kwa sekunde chache kila baada ya dakika kumi kunatosha, kwa hiyo miwani pekee haijazi muda huo, na wadogo wanahitaji kifaa chao. Chukua kadi, kata dirisha, funika kwa karatasi ya alumini, toboa kwa msumari mwembamba tundu la milimita 2, kisha mtoto alipe jua mgongo na mwanga uangukie karatasi nyeupe mbele yake. Kila mita moja kati ya tundu na karatasi hutoa taswira ya milimita 9. Ndiyo maana boksi la viatu huwakatisha tamaa: sentimita 30 ni taswira isiyofika milimita 3. Wape mita 2. Tundu likiwa kubwa, wataona umbo la tundu, si la jua. Chujio la jikoni lenye matundu ya duara linatandaza hilali nyingi ardhini kwa pamoja, na hilo ndilo huwapendeza zaidi wadogo. Angalia tu wasichungulie jua kupitia matundu yake.

Miwani ikichafuka, ifute kwa kitambaa laini kikavu, bila maji, kwa sababu kadi ikilowa hujikunja na kuuvuta utando. Ihifadhi katikati ya kadi mbili ngumu ndani ya bahasha. Nyingine zimeandikwa zitupwe baada ya miaka 3. Ikiwa inatimiza kiwango hicho na haina dosari, inaendelea kutumika, ila jaribio la taa lifanywe upya asubuhi ya siku yenyewe.